Milango ya Kalsiamu katika Misuli: Namna ya Kuifundisha

Mwanafunzi aulizwapo kazi ya kalsiamu hujibu upesi: hujenga mifupa na meno. Jibu ni sahihi, lakini likiachwa hapo hatajua kwamba moyo wake hauwezi kupiga hata pigo moja bila madini hayo. Mwaka 1883 Sydney Ringer alieleza huko London kwamba moyo wa chura uliendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, bali ulizimika yalipotumiwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu.

Kalsiamu huingia katika seli kwa milango ya protini. Huko Zombo, wilayani Kilosa, mwalimu asiye na vielelezo vya dukani aweza kuonyesha umbo la mlango huo kwa mabua ya mahindi. Achukue mabua 24, ayafunge mafungu manne ya sita sita, kisha ayasimamishe kwa duara katika sanduku la udongo. Udongo ni utando wa seli. Uwazi wa katikati ni njia ya kalsiamu. Bua la nne la kila fungu lipakwe rangi, kwani ndilo lenye chaji chanya: umeme wa utando ubadilikapo, husogea, na mlango hufunguka. La tano na la sita yaelekee ndani, maana ndiyo yaizungukayo njia. Mahali pembamba pa njia pana asidi amino nne zenye chaji hasi, moja kwa kila fungu. Hizo huipitisha kalsiamu na kuizuia sodiamu, ijapokuwa ioni hizo zakaribiana sana kwa ukubwa. Protini nyingine zilizoshikamana na mlango zitajwe tu. Umbo hili lilionekana waziwazi mwaka 2015 na 2016, kundi la Nieng Yan nchini China lilipochunguza mlango uliotoka katika misuli ya sungura.

Penye utata ni hapa: milango hii haitendi kazi sawa katika misuli yote. Katika msuli wa paja, mlango wa utando husogea tu, na mwendo wake hufungua mlango wa pili, mkubwa mno, wa ghala ya kalsiamu iliyomo ndani ya seli. Msuli hukaza bila kungoja kalsiamu ya nje. Moyoni, kalsiamu kidogo iingiayo ndiyo ifunguayo ghala. Na moyo wa chura, ambao ghala yake ni ndogo, huitegemea ya nje zaidi.

Dawa ya nifedipini, wapewayo wagonjwa wa shinikizo la damu, huziba milango ya jamii hii katika misuli ya mishipa, mishipa ikalegea. Darasani hakutakosekana mwenye kuuliza: mbona babu huimeza, na miguu yake haipoozi? Mwalimu asilijibu swali hilo. Awape sanduku la mabua.