Kidonge, Unga na Macho

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe za ndovu, na pia watu waliokuwa utumwani. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata uelekeo uleule. Miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa kwa sauti ya chini siku hizi kwenye njia hiyo ni ile iliyopewa jina la nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: vumbi la Kongo, unga wa nguvu za kiume ambao mara nyingi huuzwa bila lebo wala kipimo. Mwanamume asiyeutaka huenda duka la dawa akaomba sildenafil, ile iliyozoeleka kwa jina la Viagra. Anayeuza hueleza itafanya kazi baada ya muda gani. Macho hayatajwi.

Na macho yanahusika. Sildenafil ilizaliwa katika maabara za Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, watafiti wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua. Marekani iliiidhinisha kwa nguvu za kiume tarehe 27 Machi 1998. Huzuia kimeng'enya kiitwacho PDE5, na hapo mishipa ya damu ya uume hulegea na damu hujaa. Lakini kimeng'enya hicho kina ndugu yake, PDE6, anayeishi kwenye retina, ndani ya seli zinazopokea mwanga. Dozi ikiwa kubwa, naye huguswa. Vitu huonekana vimepakwa buluu, taa huchoma macho, kijani na buluu huchanganyika. Katika majaribio ya awali hali hii iliwapata watu 2 hivi kati ya 100 waliomeza miligramu 50, na 11 kati ya 100 waliomeza miligramu 100. Hukolea kama saa moja baada ya kumeza, kisha hufifia baada ya saa chache. Tadalafil haiigusi sana PDE6, ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Mamlaka ya anga ya Marekani huwataka marubani wasubiri saa kadhaa baada ya kumeza sildenafil kabla ya kurusha ndege. Dereva wa lori anayetoka Nzega usiku, taa za magari zikimjia usoni, naye anastahili kupewa tahadhari hiyo.

Wapo ambao hali hiyo haikuwatoka upesi. Mwaka 2020 daktari mmoja wa macho huko Adana, Uturuki, alieleza habari za wanaume 17 waliomeza miligramu 100 bila kuandikiwa na daktari. Uoni wao ulisumbuka zaidi ya siku nzima, ingawa wote walipona ndani ya wiki tatu. Huko Marekani, mwanamume wa miaka 31 alinunua sildenafil ya maji kwenye intaneti, akaacha kifaa cha kupimia na kunywa moja kwa moja kwenye chupa. Akaanza kuona wekundu usiomtoka, na uchunguzi ukaonyesha seli za retina yake zimeharibika. Anayelamba unga usiopimwa huenda akajiweka katika hatari ya namna hiyo.

Lililo zito zaidi ni neva ya jicho kukosa damu. Mtu huamka asubuhi jicho moja limeingia giza, bila maumivu. Tangu Julai 2005 Marekani imetaka onyo kuhusu hali hiyo liandikwe kwenye dawa hizi. Mwaka 2022 uchunguzi wa kumbukumbu za wanaume 213,033 ulionyesha kwamba watumiaji wa kila mara walikuwa na uwezekano wa asilimia 85 zaidi wa kupata moja ya magonjwa matatu mazito ya macho. Magonjwa hayo ni nadra, na dawa haijathibitishwa kuwa ndiyo chanzo. Kisukari, presha, sigara na lehemu huidhuru neva hiyo, na ndivyo pia vinavyoondoa nguvu za kiume. Ndiyo maana kupima sukari na presha kabla ya kununua kidonge ni jambo la lazima: tatizo la chumbani huweza kuwa dalili ya kwanza ya mishipa inayougua.

Tabora inasifika kwa asali, na asali yenyewe haina kosa. Lakini Julai 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za asali zilizotiwa sildenafil au tadalafil kwa siri. Siri hiyo huweza kumuua mtu anayetumia nitrati kwa ajili ya moyo, kwa sababu presha hushuka ghafla. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir naye yumo hatarini: sildenafil hujaa kwenye damu yake takriban mara 11. Kumficha nesi ulichotumia, basi, kuna gharama kubwa.

Jicho likififia ghafla, dawa iachwe na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa aliye Tabora mjini, Kitete ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Achukue alichotumia, hata kama ni karatasi tu iliyofungia unga, na ataje saa aliyokitumia. Madhara hayo yaripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).