Mwarobaini upo, mnunuzi yuko wapi?

Kitunguu cha Singida kina soko lake pale Misuna, na alizeti ina mashine za kukamua. Kokwa za mwarobaini huanguka zikaozea chini ya mti, ilhali ni malighafi ya dawa anayoihitaji mwenye miembe na, siku hizi, mwenye mikorosho kule Manyoni.

Msumbufu mkubwa wa maembe ni nzi wa matunda aliyetoka Asia, akabainika Kenya mwaka 2003 na kusambaa Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza wakishaanguliwa, dawa ya kupuliza haiwafikii. Dawa yenye maana ni ile inayomzuia jike asitue.

Biashara ya harufu dhidi ya nzi huyu ina pande mbili, na kipato chake hakilingani. Harufu inayovuta imeshapata duka: methili yujenoli, ambayo imo hata katika aina fulani za mrehani, huwekwa mtegoni pamoja na sumu kidogo na kuwamaliza madume. Hufungashika, hukaa wiki kadhaa, na mkulima akifungua mtego anaona pesa yake imefanya kazi. Harufu inayofukuza haina ushahidi wa namna hiyo. Nani atahesabu nzi ambao hawakuja?

Mwarobaini hufukuza, tena humzuia mdudu kula na kukua. Kokwa zilizokaushwa kivulini hutwangwa, nusu kilo kwa lita 10 za maji, zikalala usiku kucha. Asubuhi huchujwa kwa kitambaa na kutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Hupulizwa jioni kwa sababu jua huivunja nguvu upesi, na saa hizo nyuki wa Manyoni na Itigi wamesharudi mzingani. Gharama iko kwenye jasho: ni kurudia kila wiki, na bomba la mgongoni halifiki kilele cha mwembe wa kienyeji. Kwa miembe mifupi ya kubebesha, hesabu inakaa vizuri.

Kujitengenezea ni jambo moja. Kuitia chupani na kuiuza kunahitaji usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kila chupa inatakiwa iwe na nguvu ileile, wakati kokwa za mti huu si sawa na za ule. Kikundi kidogo hukwama hapo.

Kuna wazo la kukamulia mwarobaini kwenye mashine za alizeti msimu ukiisha. Mimi ningesita: mafuta yake ni machungu na hayaliwi, na mashine isiyosafishwa barabara itaharibu jina la alizeti ya Singida. Afadhali mashine moja ya pekee chini ya ushirika wa wakulima (AMCOS), mashudu yakarudi shambani kama mbolea. Cha kupanga mapema ni bei ya kilo ya kokwa kavu. Bila bei hiyo hakuna atakayeinama kuziokota.