Kitumbua cha Alfajiri na Daftari la Mama Ntilie

Ndugu msomaji, bila shaka kabla hujaufungua ukurasa huu umekwisha kunywa chai. Na ikiwa unakaa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, huenda kando ya kikombe palikuwa na sahani ya vitumbua. Umevila viwili, pengine vitatu, ukafuta mafuta vidoleni na kuendelea na mambo yako. Nakuomba leo uirudie kidogo sahani ile, kwani kitumbua ulichokila saa moja asubuhi kilianza kutengenezwa jana mchana.

Kwanza mchele hulowekwa, ukalala majini saa nyingi hata punje ikavunjika ukiibana kwa kidole. Jioni husagwa pamoja na tui, na hapa ndipo mpishi hujulikana. Mwenye haya hukuna nazi kwenye mbuzi, akakamua tui la kwanza, lile zito, wala haongezi maji ili apate wingi. Kwa vikombe 2 vya mchele hutosha kikombe 1 cha tui hilo, sukari kama nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki iliyotwangwa wakati ule ule. Iliki hiyo hulimwa kwetu, kule Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Ikitwangwa na kuwekwa siku nyingi harufu yake hupotea. Wako wanaochanganya unga wa ngano ili wapunguze gharama. Sisemi kwamba ni dhambi, lakini kitu hicho ni andazi la duara, na kiitwe kwa jina lake.

Saa kumi alfajiri, wewe na mimi tungali tumelala, jiko huwashwa. Chuma chenye vishimo hupashwa moto, kila kishimo kikatiwa mafuta kidogo, kisha rojo. Moto ukizidi, kitumbua hubabuka nje na ndani kikabaki kibichi. Ukipungua, hunywa mafuta kama sifongo. Mpishi hukaa hapo ameinama na kijiti mkononi, akivigeuza kimoja baada ya kingine, moshi ukimwingia machoni. Ukitaka kukijua kitumbua chema, kimege: kingo ziwe kavu na zenye rangi ya dhahabu, na ndani uone matundu madogo kama ya sega la nyuki.

Marehemu baba yangu alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Zamu ya usiku ilipokwisha, alirudi na vitumbua vilivyofungwa katika karatasi ya gazeti, na sisi watoto tulivipigania hata wino ukatubaki vidoleni. Baadaye ikaja miaka ya dhiki, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo sukari na unga wa ngano vilitafutwa kwa foleni ndefu. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mijini ili wapelekwe mashambani, na wachuuzi wadogo hawakusalimika. Hata hivyo vitumbua havikukatika mtaani kwetu. Vilikuja vidogo zaidi, sukari yake ya kubahatisha, na muuzaji akiangalia nyuma kila mara.

Kwa wengi wao kazi haiishii hapo. Vitumbua vikimalizika, chuma huwekwa kando na sufuria ya wali hupandishwa jikoni. Aliyekuwa muuza vitumbua sasa ni mama ntilie, jina lililotokana na wateja wake wenyewe waliokuwa wakimwambia, “Mama, nitilie!” Siku hizi wengi huwaita mama lishe, jina la heshima zaidi, ingawa mimi ninalipenda lile la zamani kwa kuwa ndani yake nasikia njaa ya saa saba mchana. Unakijua kibanda chake: mabenchi mawili, meza iliyotandikwa kitambaa cha nailoni, beseni na jagi la kunawia. Wali na maharage, ugali na dagaa, mchicha wa nazi, siku ya Ijumaa pilau. Fundi hukaa kwa karani, kuli kwa dereva, nao hupeana pilipili kama ndugu waliozaliwa nyumba moja.

Kuna kitu kimoja kibandani humo ambacho mgeni hakioni, nacho ni daftari. Tangu tarehe 15 hadi mwisho wa mwezi, nusu ya wanaokula hapo hawalipi, huandikwa. Mama ntilie hana benki wala riba. Mchele wa kesho hununuliwa kwa fedha ya leo, na wali ulioandikwa daftarini hauendi sokoni kununua mchele. Simu za kutumiana fedha zimerahisisha kulipa, lakini hazijamlazimisha mtu alipe. Akiondoka mdaiwa mmoja, kibanda huyumba. Wakiondoka watatu, hufungwa.

Nalisema hili kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilipoanza kazi, mshahara wangu wa tatu ulichelewa, na mama mmoja wa Buguruni akanilisha kwa wiki mbili na zaidi. Fedha ilipokuja nilinunua viatu. Nikaona aibu kupita mbele ya kibanda, nikaanza kuzungukia njia ya nyuma, yenye matope, na viatu vyangu vipya. Nilifanya hivyo karibu miezi miwili.

Siku nilipokwenda na fedha mkononi, nilikuta benchi moja limegeuzwa juu chini na jiko halipo. Kijana aliyekuwa akishona viatu jirani hapo aliniambia mama amehama, hajui amekwenda wapi. Akaniuliza kama na mimi nilikuwa katika daftari. Nikamwambia ndiyo, sahani 11 na vikombe vya chai. Akatikisa kichwa, akaendelea kushona.