Ganda la shaba au la chuma? Kopo la rangi lililotoka shambani Runyenjes

Sisi watu wa Pwani tunaijua Embu kwa muguka. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku Mombasa na mahakama ya huko huko Embu ikaisimamisha marufuku hiyo, jina la Embu lilitajwa kwenye kila baraza, na halikutajwa kwa wema. Mimi nina sababu yangu nyingine ya kuijua. Nimeoa Runyenjes. Kila Disemba, tukijaaliwa, tunapanda basi na watoto kwenda kuwaamkia wakwe, huko kwenye kahawa, majani chai na baridi ya Mlima Kenya.

Safari ya mwisho vijana wa pale nyumbani walikuwa wanachimba mashimo ya miche ya makadamia. Mtoto wa shemeji yangu, wa miaka kumi na miwili, akanijia mbio na kopo kuukuu la rangi.

"Anko, hii si shaba? Huko Mombasa kilo ni pesa ngapi?"

Swali lilimpata mwenyewe. Mimi ni fundi wa vyuma, na shaba nimeishika tangu ujanani: dele zilizotoboka, valvu za meli, vipuri vya jenereta. Nikakimimina kile kopo chini. Vitu vinne. Viwili vilikuwa maganda matupu ya risasi, yameota kutu ya kijani lakini mazima. Cha tatu kilikuwa ganda jingine jekundu kwa kutu, likameguka nilipoligusa. Cha nne kilikuwa risasi nzima, haijapigwa, kichwa chake bado kimekaa mahali pake. Na mtoto alikuwa ameshatafuta nyundo, amng'oe yule kichwa abaki na shaba yake.

Nilimpokonya nyundo kwa ukali ulionishangaza mwenyewe. Miaka mingi nyuma, kwenye yadi moja ya vyuma kuukuu nilikokuwa kibarua, mwenzangu aliibana risasi ya namna hiyo kwenye jiliwa akaigonga kitakoni. Alipoteza vidole viwili. Watu hudhani risasi bila bunduki haina kazi. Ni kweli kwamba nje ya mtutu kichwa hakina nguvu ya kwenda mbali, lakini ganda hupasuka, na vipande vyake huruka kama wembe. Umri nao hauisaidii, maana baruti na fataki za zamani zaweza kukaa ardhini miaka mingi zikiwa bado hai.

Baba mkwe alitoka ndani, akatazama, akasema, "Mkwe, iache hapo hapo." Akaifunika kwa karai, akaweka jiwe juu, akampigia simu chifu. Mzee ni mwanajeshi mstaafu. Tukaletewa chai, tukakaa kibarazani kuwangojea polisi, na mazungumzo yakawa ni ya maganda hadi jioni.

Kwanza tuelewane maneno. Tukisema "risasi" huwa tunataja vitu vinne kwa mara moja: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki ndogo ya kitakoni inayoiwasha baruti, na ganda linalovishika vyote. Wengi hulichukulia ganda kama karatasi ya peremende, kitu cha kutupwa. Mzee alicheka niliposema hivyo. Kwake yeye ganda ni sehemu ya bunduki inayobadilishwa kila unapofyatua, na nadhani ndivyo linavyopasa kutazamwa.

Baruti ikiwaka kwenye raifo, shinikizo la moshi hupita mara elfu moja lile lililomo ndani ya gurudumu la gari. Moshi huo lazima utokee mbele tu. Kinachouzuia usirudi nyuma usoni mwa mpigaji ni ganda: linatanuka ghafla, linagandamana na kuta za chumba cha risasi nyuma ya mtutu, linaziba. Kisha, kabla hujapepesa jicho, inabidi linywee tena lipate kuvutwa nje. Kutanuka na kunywea, kazi yake ndiyo hiyo.

Hapo ndipo shaba inaposhinda. Shaba ya maganda ni mchanganyiko, sehemu 70 shaba nyekundu na sehemu 30 zinki. Hutanuka kama mpira wa kiunoni, ikaziba barabara, na ikirudi inarudi kweli. Haishikani na chuma cha bunduki, na haili kutu ikaisha. Chuma ni kigumu. Huziba kwa uzito, ikapenya masizi kidogo pembeni, na kikishatanuka hakinywei vizuri. Tena huliwa na kutu, ndiyo maana viwanda hulipaka rangi maalumu au plastiki nyembamba. Lile ganda jekundu la kwenye kopo lilikuwa limekosa hata hiyo rangi. Udongo ulikuwa umelitafuna lote.

Maganda ya shaba je? Nilisugua moja kwa jivu na limau, kama tusuguavyo sinia. Kitakoni zikajitokeza alama: K, 52, na 7. Herufi ile ni ya kiwanda cha Kynoch cha Uingereza, 52 ni mwaka 1952, na 7 ni toleo la risasi ya .303 iliyokuwa chakula cha bunduki za Lee-Enfield. Mwaka 1952 ndio Gavana Baring alitangaza Hali ya Hatari, Oktoba 20. Bunduki hizo zilibebwa na wanajeshi wa Kiingereza na askari wa Keya waliozunguka miteremko hii kuwasaka Mau Mau. Sheria za wakati ule zilifanya kukutwa na silaha au risasi kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi zake. Fikiria basi mtu aliyeifukia ile moja shambani, alikuwa anafukia nini.

Wapiganaji wa msituni walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, na mara nyingine ziliwadhuru wao wenyewe. Kwa macho ya fundi sababu ni ileile. Bomba halikuchongwa kwa kipimo cha risasi. Likiwa pana, ganda la shaba hutanuka lisipate ukuta wa kuegemea, likachanika, na moshi ukarudi nyuma.

Sasa, kama shaba ni bora hivyo, chuma kilitoka wapi? Kilitoka kwenye uhaba. Katika Vita Vikuu vya Pili Wajerumani walikosa shaba ya kutosha wakageukia chuma, na Warusi nao wakakizoea wakabaki nacho. Lakini Warusi walifanya jambo la akili. Hawakulichukua ganda la shaba wakalinakili kwa chuma. Risasi ya AK, ile ya 7.62 fupi, ganda lake limechongoka sana kuelekea mbele, kama kikombe cha kahawa kilichogeuzwa. Kitu kilichochongoka kikilegea kidogo tu kimetoka. Na AK ina mkono wenye nguvu wa kulivuta. Kwa hivyo AK na ganda la chuma wanaelewana kama samaki na maji. Peleka chuma kwenye raifo yenye chumba kilichobana na ganda lililonyooka, uone litakavyokwama.

Mzee alikuwa na lake. Jeshini alibeba G3 ya Kijerumani, na alisema ganda lililotoka kwenye G3 atalitambua hata usiku kwa kidole. Chumba cha bunduki hiyo kina mifereji inayopitisha moshi kando ya ganda ili lisigande, na ganda hutoka na mistari mirefu meusi ubavuni. Aliichora kwa kidole juu ya meza, mistari yote. Maganda yetu hayakuwa nayo.

Nilimletea Mzee swali la jamaa yangu mmoja wa Mombasa mwenye cheti cha raifo, mtu wa kulenga shabaha. Aliwahi kuniuliza achague risasi za ganda gani, maana amesikia za chuma ni rahisi. Mzee hakusita: shaba. Nami nakubaliana naye. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya silaha haimruhusu raia raifo za kivita zinazojipakia zenyewe. Kwa hivyo anachobaki nacho raia kwa kawaida ni raifo ya kuvuta komeo kwa mkono, yenye chumba kilichochongwa kwa makini, na anapiga risasi chache kwa mwaka. Atakachookoa kwa chuma ni kidogo, na siku ganda likikwama atalia na fundi. Mwenye kulazimika kutumia chuma asikimbilie shaba baada yake kabla ya kusafisha chumba. Masizi ya chuma ndiyo huikwamisha shaba inayofuata, kisha lawama ikaiendea shaba.

Kuna uzushi mmoja pia. Husemwa ganda la chuma hula mtutu. Ganda halifiki kwenye mtutu, linabaki chumbani. Kinachokwangua mtutu ni kichwa, na risasi nyingi za bei ndogo huwa na kichwa chenye ngozi ya chuma kilichopakwa shaba juu. Ndiyo sababu sumaku, ile tunayoitumia kwenye yadi za skrepu, yaweza kukuambia mawili: iguse ganda, kisha iguse kichwa. Majibu yaweza kutofautiana.

Kiwanda chetu cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa msaada wa kampuni ya FN ya Ubelgiji, hutengeneza risasi za ganda la shaba. Na shaba husema. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan wa shirika la Small Arms Survey alisoma alama za vitako huko Turkana Kaskazini, akaonyesha kwamba risasi za Eldoret, ambazo polisi walikuwa wakiwagawia raia wa vijiji, zilikuwa sehemu kubwa ya zilizozagaa mikononi mwa watu. Ganda linakwenda na cheti chake cha kuzaliwa.

Polisi walifika magharibi inakaribia, wawili juu ya pikipiki. Mmoja aliinua karai, akaitazama risasi kwa muda, akaomba sanduku lenye mchanga. Akatukumbusha kwamba kukaa na risasi hata moja bila cheti ni kosa, na kwamba tulifanya vyema kutoigusa tena. Kisha akachukua na maganda yote matatu, hata lile lililomeguka.

Yule mtoto akawafuata hadi kwenye pikipiki, kopo tupu mkononi, akiuliza nani atamlipa shaba yake.