Mashine za kukata kadi na vitambaa: bei ya dukani ni mwanzo tu

Kwa anayetengeneza kadi za harusi, stika za bodaboda au fulana za vikundi, mkasi umeshapitwa na kazi. Kinachowasumbua watu wa Kariakoo, na wenzao wa River Road jijini Nairobi, ni mashine ipi inunuliwe: ile ndogo ya mezani inayokata upana wa inchi 12, au plota ya Kichina ya kusimama, yenye upana wa milimita 720 hivi.

Mtengenezaji kadi mmoja wa Kariakoo, aliyeomba asitajwe, anayo ya mezani na ana kinyongo nayo. Mashine aliilipia mara moja, anasema. Kinachomkamua ni vinavyoifuata. Mkeka wa kunata unaisha gundi kwa vumbi la mjini. Visu lazima aagize. Programu inataka intaneti na akaunti hata kwa kazi ndogo, na bando likikata msimu wa harusi, kadi zinalala mezani huku kamati ikipiga simu. Anakumbusha ya 2021, kampuni moja ya Marekani ilipotangaza kwamba asiyelipa ada ataruhusiwa kupakia michoro 20 tu kwa mwezi, kwenye mashine aliyokwisha kuinunua. Wateja walipiga kelele, mpango ukafutwa. Yeye haamini kwamba hautarudi kwa sura nyingine, na sioni sababu ya kumbishia.

Plota ina raha yake: inakata stika kutwa, na visu vyake ni rahisi. Ila za bei ya chini nyingi hazina jicho la kusoma alama za pembeni, hivyo stika iliyochapwa kwa rangi hukatwa upande. Karatasi nene ya kadi nayo huisumbua.

Kwenye kitambaa ndiko maneno ya wauzaji yanapozidi. Kisu cha kawaida, kile kinachoburutwa, huvuta nyuzi za kitenge mpaka kitambaa kibandikwe kwanza karatasi ya gundi kwa pasi. Kisu cha gurudumu hakihitaji hayo, lakini kinataka mashine yenye msukumo mkubwa. Zipo za mezani zinazofika gramu 4,000. Nyingi ndogo huishia 210. Nenda dukani na kipande chako cha kitenge, kikatwe mbele yako kabla hujatoa hela. Kwa mashine ya mtumba ya Marekani, soma pia adapta: isiyoandikwa volti 100 hadi 240 iache hapo hapo.

Afisa mmoja wa forodha anasisitiza kwamba mitambo ya uzalishaji huingia kwa asilimia 0, ngazi ya chini kabisa katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao hupanda hadi 10, 25 na 35. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini fundi mdogo haagizi kontena. Anachangia mzigo wa wakala anayetoza kwa kilo, na hiyo sifuri haimfikii. Anayeingiza mwenyewe anakutana na VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na hoja ya kama alicholeta ni mtambo au kifaa cha steshenari humalizwa na anayekagua mzigo.

Huenda bei zikashuka iwapo dola italegea. Kadi za WhatsApp, hata hivyo, zinaendelea kula soko la kadi za karatasi, na wanaonunua sasa wanaelekea zaidi kwenye fulana na stika, kazi ambazo plota yenye jicho inazimudu, kwa anayeweza kuilipia.