Mzazi na Kitabu cha Sheria

Ni nadra kuona sheria ya nchi iliyomtwika mzazi wa kawaida mzigo mkubwa wa kuisimamia kama sheria ya Marekani inayohusu elimu ya watoto wenye ulemavu. Kwani serikali iliyoitunga mwaka 1975 haikuweka wakaguzi wa kupita darasa hadi darasa wakitazama kama kila mtoto amepewa haki yake, bali ilimpa baba na mama ruhusa ya kuhudhuria, kuuliza, kukataa na hatimaye kushitaki, kisha ikawaachia wao wenyewe wazijue ruhusa hizo na wazitumie. Ndiyo sababu katika nchi ile utawakuta wazazi wasiopata kuingia chuo cha sheria hata siku moja, dereva wa lori, muuguzi, mama wa nyumbani, wakizitaja hukumu za Mahakama ya Juu kwa majina na miaka yake, nao hawakujifunza hayo kwa kupenda elimu ya sheria bali kwa dharura.

Sheria yenyewe asili yake ni wazazi. Kabla ya mwaka huo mkuu wa shule katika majimbo mengi aliweza kumrudisha nyumbani mtoto kipofu, kiziwi, au mwenye ulemavu wa akili, wala asiulizwe na yeyote. Katika jimbo la Pennsylvania, shule ziliruhusiwa kumkataa mtoto ambaye akili yake ilidhaniwa haijafikia kiwango cha mtoto wa miaka 5, na mwaka 1971 chama cha wazazi wa jimbo hilo kikaipeleka serikali mahakamani, ikakubali suluhu na kuahidi kuwafungulia milango watoto wote. Mwaka uliofuata, mjini Washington, Hakimu Joseph Waddy alikata shauri la watoto 7, mmojawao Peter Mills, mvulana wa miaka 12, waliokuwa wamefukuzwa au kukataliwa na shule za mji. Na wakuu wa mji walipojitetea kwamba fedha hazitoshi, hakimu akawajibu kuwa ikiwa fedha ni haba basi uhaba huo sharti uwapate watoto wote, wala usiwaelemee wenye ulemavu zaidi ya wenzao. Bunge la Marekani lilipokuja kuhesabu, likakiri kwamba watoto wenye ulemavu walizidi milioni 8, zaidi ya nusu yao hawapati elimu inayowafaa, na milioni 1 wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Rais Gerald Ford akaitia sheria saini tarehe 29 Novemba 1975, huku akieleza hofu yake kuwa Bunge limeahidi kupita uwezo wake. Na hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana serikali kuu ilikusudia kufikia kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya taifa ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, ahadi ambayo haijapata kutimizwa hadi leo. Mwaka 1990 sheria ikapewa jina jipya, na tangu hapo hujulikana kwa herufi zake za mwanzo, IDEA. Katika mwaka wa masomo wa 2022–23 watoto na vijana wapatao milioni 7.5, wa umri kati ya miaka 3 na 21, walifundishwa chini ya kivuli chake.

Moyo wa sheria hii ni waraka mmoja uitwao IEP, yaani mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili ya mtoto huyo mmoja tu, unaotaja hali yake ilivyo sasa, malengo ya mwaka, na huduma atakazopewa, ziwe za kufundishwa matamshi, za mazoezi ya viungo, au za msaidizi darasani. Waraka huo hutengenezwa kikaoni, na kikao hicho ndipo mahali ambapo mzazi mgeni wa mambo hayo hushindwa kabla hajafungua kinywa. Upande mmoja wa meza wameketi mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mtaalamu wa saikolojia na mwakilishi wa wilaya, wote wanaojuana na wanaotumia lugha moja ya vifupisho. Upande wa pili yupo mama peke yake, na mbele yake karatasi zipatazo ishirini zilizokwisha kupigwa chapa. Huombwa radhi kwamba wakati ni mfupi, huoneshwa mahali pa kutia saini. Aliyejifunza sheria anajua kwamba mpango hauwezi kukamilishwa kabla ya kikao kisha mzazi akaitwa kuubariki. Mwaka 2004 mahakama ya rufani ilikata hivyo katika shauri la mtoto mwenye usonji wa kaunti ya Hamilton, Tennessee, ikasema kuwa kumwita mzazi kwenye jambo lililokwisha kuamuliwa ni sawa na kutomwita. Anajua kadhalika kwamba huduma haziwezi kuanza mara ya kwanza bila ya ridhaa yake. Lakini miaka inayofuata, katika majimbo mengi, mpango mpya huendelea kufuatwa hata akikataa kutia saini, mpaka apeleke pingamizi kwa njia iliyowekwa. Tofauti hii ndogo imewaponza wengi, maana mzazi aliyekaa kimya akidhani kuwa kutotia saini kwake kumesimamisha jambo, hugutuka muhula umekwisha.

Jambo la kwanza wanalofundishana wazazi si vifungu, bali ni namna ya kusoma lengo. Lengo likiandikwa, "Mtoto ataongeza uwezo wake wa kusoma," hapana mtu duniani atakayeweza kuthibitisha mwishoni mwa mwaka kama limefikiwa au halikufikiwa. Likiandikwa, "Ifikapo mwezi wa Mei, akipewa habari ya kiwango cha darasa la pili, atasoma maneno 60 kwa dakika, bila ya kukosea zaidi ya mara 3, katika majaribio 3 kati ya 4," basi mzazi aweza kuketi na mwanawe jikoni, kitabu mkononi na saa mezani, akajua ukweli yeye mwenyewe. Nimesoma mengi juu ya jambo hili, na naona kwamba hakuna maarifa yaliyowanufaisha watoto kuliko hili moja, la kukataa maneno mazuri yasiyopimika.

La pili ni barua. Ombi la mdomo, lililosemwa kwa upole mlangoni mwa darasa, hupeperuka. Ombi lililoandikwa lina tarehe. Mzazi akitoa idhini ya mtoto kupimwa, sheria ya taifa huipa shule siku 60 za kumaliza upimaji huo, isipokuwa jimbo limeweka muda wake lenyewe, na siku hizo hazihesabiki bila ya karatasi. Shule ikikataa jambo aliloliomba, inawajibika kumwandikia ni kwa sababu gani imekataa, kwa kutegemea vipimo na kumbukumbu zipi, na ni njia gani nyingine zilifikiriwa zikaachwa. Wazazi wazoefu wanalo neno lao la kikaoni, wasemalo bila ya kupandisha sauti: "Naomba mniandikie hayo." Aghalabu katazo lililokuwa jepesi kinywani huwa zito likitakiwa kuandikwa, na mara nyingine hufutika papo hapo. Fauka ya hayo, mzazi asiyeridhika na vipimo vya shule aweza kudai mtoto apimwe na mtaalamu wa nje kwa gharama ya umma, nayo shule sharti ama ilipe, ama ipeleke shauri kuthibitisha kwamba vipimo vyake vilikuwa sahihi. Haina ruhusa ya kunyamaza.

Juu ya swali kubwa kuliko yote, la kiasi gani cha elimu mtoto anadaiwa, wazazi ndio walioifikisha nchi ilipo. Amy Rowley alikuwa mtoto kiziwi wa shule ya msingi katika jimbo la New York, na wazazi wake nao walikuwa viziwi; alikuwa mwepesi wa akili, akisoma midomo na kuvuka kila darasa, ila sehemu kubwa ya maneno ya mwalimu ilimpita, kwa hiyo wazazi wakamwombea mkalimani wa lugha ya alama. Wakili wao, Michael Chatoff, alikuwa kiziwi vilevile, akasimama mbele ya Mahakama ya Juu akiyasoma maswali ya majaji kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1982 wakashindwa. Mahakama ilisema sheria inaidai shule imnufaishe mtoto, haiidai imfikishe kwenye upeo wa uwezo wake. Na maadamu Amy anafaulu, shule imetimiza wajibu. Kwa miaka 35 baada ya hapo mahakama nyingi za chini ziliridhika na manufaa haba mno, hata wazazi wa mtoto mmoja wa Colorado, mwenye usonji, walipoziweka nyaraka zake za miaka kadhaa pamoja wakaona kuwa malengo ni yale kwa yale, yamenakiliwa tu. Wakamtoa, wakamsomesha shule ya binafsi ambako aliendelea vyema, wakadai kurudishiwa fedha zao. Mwaka 2017, katika shauri la mtoto huyo, lijulikanalo kwa jina la Endrew F., majaji wote kwa kauli moja walikubali kuwa mpango sharti umwezeshe mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake, wala si kusogea kwa jina tu.

Hata hivyo sina budi kusema kwamba mzigo huu haukugawanywa kwa insafu. Tangu mwaka 2005, katika majimbo mengi, upande unaoleta shauri ndio unaobeba wajibu wa kuthibitisha, na anayeleta shauri aghalabu ni mzazi, ilhali kumbukumbu nyingi na mashahidi wengi wako shuleni. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema kwamba mzazi hata akishinda, hatarudishiwa malipo ya mtaalamu aliyemsaidia. Mwaka 2007 wazazi wa mji wa Parma, Ohio, walioshindwa kumudu wakili, walipata hukumu inayowaruhusu wazazi kusimama wenyewe katika mahakama za taifa. Ni ushindi wa haki, lakini ni ushindi wa kuruhusiwa kupigana peke yako. Nalo jimbo la Texas liliweka, tangu mwaka 2004, kipimo cha asilimia 8.5 ya wanafunzi wawezao kupewa elimu maalumu, na jambo hilo likaendelea kwa zaidi ya miaka kumi mpaka gazeti la Houston Chronicle lilipolifichua mwaka 2016. Watoto waliokataliwa katika muda huo walikuwa na wazazi, na wengi wa wazazi hao waliambiwa tu kwamba mtoto wao hastahili, wakaamini.

Miongoni mwa wazazi wanaokabiliwa na mambo haya wamo sasa wasemao Kiswahili, hasa jamaa kutoka Kongo waliopitia makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda kabla ya kuhamishiwa Marekani. Hao wana kizuizi kisichoandikwa mahali popote. Katika malezi yetu mtoto hukabidhiwa mwalimu kwa heshima, na kumhoji mwalimu mbele ya watu huonekana utovu wa adabu. Mama aliyekaa kimya kikaoni kwa kuwastahi walimu huandikwa kuwa ameafiki. Lakini sheria ile imeandikwa kwa kutazamia kwamba mzazi atauliza, na kuuliza hakuhesabiwi kuwa ugomvi. Tena inaitaka shule ihakikishe kuwa mzazi anayafahamu yanayosemwa, ikiwa ni pamoja na kumleta mkalimani, na ombi la ridhaa yake lielezwe kwa lugha yake. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja, kinachogharimiwa na serikali kuu, cha kuwafunza wazazi haki hizi bila ya malipo. Na miongozo iliyotolewa na serikali mwaka 2015, ambayo iliondolewa mwaka 2025, ilizionya shule zisiwategemee wanafunzi, ndugu zao wala rafiki kuwa wakalimani. Sharti la mkalimani lililomo katika sheria yenyewe lingalipo, kwa hiyo mama akifika akakuta aliyeandaliwa kumtafsiria ni mwanawe mkubwa wa darasa la nane, aweza kuomba kikao kiahirishwe mpaka mkalimani wa Kiswahili apatikane, na ombi hilo aliandike, atie tarehe, na nakala aondoke nayo.