Bipu pampu iwake: vifaa vinavyoondoa kero za simu shambani

Kijana akiniuliza apakue programu gani ya kilimo, na mimi namuuliza: kero yako ni ipi, na mtandao unashika mpaka wapi shambani kwako? Programu nyingi zimetengenezwa na watu waliokaa penye intaneti ya uhakika. Ukishuka nazo bondeni, kile kiduara kinazunguka tu, bando linaliwa, chaji inaisha na kazi haijafanyika.

Zipo zilizofikiriwa vizuri. PlantVillage Nuru, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na IITA, inapima jani la muhogo kwa kamera ya simu janja na kukuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Uchambuzi unafanyika ndani ya simu yenyewe, hivyo ukishaipakua huhitaji intaneti ukiwa shambani. Aliyeitengeneza alijua mihogo haiko mjini.

Ila kwa nyie mnaomwagilia nyanya na vitunguu, kifaa ninachokipenda zaidi hakihitaji hata simu janja. Ni kiboksi cha kuwashia pampu ya umeme kwa kupiga simu. Nchini India mhandisi Santosh Ostwal alitengeneza cha aina hiyo, akakiita Nano Ganesh. Umeme wa mashambani kule ulikuwa unakuja kwa mgao, mara nyingi usiku. Mkulima anatembea gizani kwenda kuwasha pampu, anafika anakuta umeme umeshakatika tena. Mgao na sisi tunaujua.

Ndani ya kiboksi mna laini ya simu ya kawaida, na unakisajilia namba zinazoruhusiwa. Ukipiga, kinatambua namba yako, kinakata bila kupokea, halafu kinawasha swichi. Yaani umebipu tu, hujakatwa salio. Kitochi kinatosha. Baadhi hukutumia meseji kwamba pampu imewaka, na hapo laini ya ndani lazima iwe na salio. Isajili kwa jina lako mwenyewe, sio la fundi, na isikae miezi bila kutumika, itafungwa. Kabla ya kununua, uliza kinatumia mtandao gani. Vingi vya bei rahisi vinashika 2G peke yake, kwa hiyo hakikisha 2G inapatikana pale pale kisimani.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo hela zinapopotea. Swichi ndogo iliyomo ndani ya kiboksi haiwezi kubeba mota ya pampu. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na hiyo swichi itaungua au itaganda ikiwa imewaka. Kiboksi kinatakiwa kiamrishe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe mota. Fundi akikuambia "hii inabeba tu bosi", tafuta fundi mwingine.

Halafu kuna kisima kukauka. Ukiwa pale unasikia mlio wa pampu umebadilika, unazima. Ukiwa mjini husikii kitu. Pampu ya kuzama inapozwa na maji hayo hayo inayoyavuta, ikizunguka kavu inaungua. Kwa hiyo funga kinga ya ukavu, ama floti ndani ya kisima, ama kile kifaa kinachopima umeme wa mota na kukata ukishuka ghafla. Bila hiyo, mimi sikushauri ununue kiboksi kabisa.

Na kuna mikono ya watu. Kibarua anasafisha pampu, wewe uko sokoni unabipu. Weka swichi kubwa ya kuzima pale kwenye pampu, yenye sehemu ya kufuli. Anayefanya matengenezo azime, afunge na akae na ufunguo mfukoni. Pia kiboksi kipangwe kisiwashe pampu chenyewe umeme unaporudi; kingoje simu yako.

Siku ya kwanza simama kisimani na fundi, mwenzio apige kutoka nyumbani. Mrudie mara kadhaa, mkizima umeme na kuurudisha.

Kero nyingine ninayotamani mtu aishughulikie ni kumbukumbu za shamba. Kioo cha simu kinahisi kidole kwa njia ya umeme, kikilowa maji kinachanganyikiwa, na mkono wenye tope ndio kabisa. Basi mtu anasema ataandika jioni, na jioni kasahau alipuliza dawa tarehe ngapi, wakati siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinahesabiwa kuanzia hapo. Nataka programu ya kubonyeza kitufe cha sauti pembeni ya simu, useme "nimepuliza kitalu cha pili", ihifadhi sauti na tarehe bila intaneti, kisha ikukumbushe siku ya kuvuna. Anayejua kuandika programu aanze na hiyo, wakulima wa kuijaribu ninao.